Ramani ya Picha: Istilahi ya Tovuti Iliyopimwa kwa Kanga ya Mchafukoge

Mnunuzi wa kanga katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, pale Mchafukoge jijini Dar es Salaam, anajua kwamba kanga moja ina sehemu tatu. Pindo huizunguka pande zote nne. Mji uko katikati. Jina, yaani maneno yaliyochapwa, hukaa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Muuzaji akikunjua doti, mteja huuliza sehemu kwa sehemu: pindo limekaaje, mji una ua gani, jina linasemaje.

Tuseme sasa muuzaji huyo anataka kuuza kwa tovuti. Ameweka picha ya kanga kwenye ukurasa wa kwanza, naye anataka mteja akigusa jina, ufunguke ukurasa unaoeleza maana yake. Akigusa pindo, zionekane rangi nyingine za pindo hilohilo. Akigusa mji, zije kanga nyingine zenye ua lilelile. Picha ni moja, lakini ina milango mitatu. Kinachowezesha jambo hilo huitwa kwa Kiingereza image map. Makala hii inapendekeza kwamba kwa Kiswahili kiitwe ramani ya picha, na inaeleza sababu.

Fasili yake ni hii: ramani ya picha ni orodha ya maeneo yaliyopimwa juu ya picha moja, kila eneo likiwa na kiungo chake na jina lake. Neno la kushikwa katika fasili hiyo ni orodha. Mtu anayetazama skrini haoni ramani. Anaona picha tu. Ramani imeandikwa nyuma ya picha, kwa maneno na tarakimu, na kivinjari huisoma kila kidole kinapogusa.

Katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kazi hiyo hufanywa na lebo tatu. Ya kwanza ni img, inayoleta picha. Ya pili ni map, yaani ramani, ambayo hupewa jina lake ili picha iweze kuiita kwa sifa ya usemap. Ya tatu ni area, yaani eneo, na hurudiwa mara nyingi kadiri ya maeneo yaliyopo. Kila eneo hutajiwa umbo, majira ya nukta (yaani namba za mahali lilipo), anwani ya ukurasa linakoelekea, na maandishi mbadala, ambayo ni jina la eneo kwa maneno.

Tuipime kanga yetu. Kanga huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110. Tukiipa kila sentimita pikseli 4, tutapata picha ya pikseli 600 kwa 440. Vipimo huanzia kona ya juu kushoto: namba ya kwanza huhesabu kwenda kulia, ya pili huhesabu kwenda chini. Aliyezoea grafu za darasani, ambako namba hukua kwenda juu, azingatie tofauti hiyo. Mstatili huelezwa kwa namba nne, mbili za kona ya juu kushoto na mbili za kona ya chini kulia. Basi jina la kanga litakuwa 160,310,440,345. Mji utakuwa 80,80,520,360. Pindo, kwa kuwa linazunguka kote, litachukua kanga nzima: 0,0,600,440.

Msomaji makini ataona kwamba mistatili hiyo imepandana. Jina limo ndani ya mji, na mji umo ndani ya kanga nzima. Kanuni ya HTML ni kwamba eneo linalotajwa kwanza ndilo linaloshinda. Kwa hiyo jina litangulie, mji ufuate, pindo lije mwisho. Ukianza na pindo, kanga nzima itakuwa pindo: mteja atagusa jina na kuletewa rangi za pindo, atagusa mji na kuletewa rangi zilezile. Mpangilio wa mistari mitatu tu ndio unaoamua kama tovuti itamsikia mteja.

Mbali na mstatili kuna duara, linaloelezwa kwa nukta ya katikati na nusukipenyo, na kuna pembenyingi, inayoelezwa kwa majira ya kila kona mpaka umbo lifunge. Kwa maumbo hayo matatu unaweza kuzungushia karibu kitu chochote.

Sasa turudi kwenye jina la kitu chenyewe. Mtafsiri anayekabili istilahi hii ana njia nne mbele yake, na kila moja inastahili kupimwa.

Njia ya kwanza ni kuunganisha nomino mbili na kusema ramani-picha. Katika Kiswahili nomino inayotangulia ndiyo inayotawala: mbwa mwitu, kwa mfano, ni aina ya mbwa. Basi ramani-picha itakuwa aina ya ramani, ile iliyotengenezwa kwa picha. Ramani za namna hiyo zipo na zina kazi yake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, na ulirusha ndege zisizo na rubani kupiga picha za mitaa kutoka juu. Picha hizo zikiunganishwa na kusawazishwa huwa ramani kamili. Jina la ramani-picha linafaa kuachiwa kazi hiyo, maana linaieleza sawasawa.

Njia ya pili ni kugeuza na kusema picha-ramani, yaani picha ambayo ni ramani. Jina hili litatosha pale picha inapoonyesha mikoa ya Tanzania. Litashindwa mbele ya kanga. Litashindwa pia mbele ya picha ya gari katika tovuti ya muuza vipuri wa Kariakoo, ambako mteja hugusa boneti, bampa, taa au rejeta ili aone bei. Gari na kanga si ramani, ila kila kimoja kinaweza kutengenezewa ramani.

Njia ya tatu ni kufuata kitendo na kusema picha ya kubonyeza. Watu wataielewa upesi, kwa kuwa bonyeza ni neno la kila siku mjini. Hata hivyo picha yoyote inaweza kuwekewa kiungo kimoja na kubonyezwa. Nembo ya tovuti inayokurudisha ukurasa wa mwanzo ni picha ya kubonyeza, na haina ramani yoyote. Jina hili linaufuta mpaka ambao istilahi ilikuja kuuweka.

Njia ya nne ni ramani ya picha, na hoja yake imo tayari katika usemi wa watu. Fundi wa ujenzi akikuuliza ramani ya nyumba, ukimpa picha ya nyumba nzuri yenye bati jekundu, atakurudishia. Picha inaonyesha nyumba inavyopendeza. Ramani inaonyesha vyumba vimegawanywaje, mlango uko wapi, ukuta una urefu gani. Nyumba ni kitu kimoja na ramani yake ni kitu kingine, na bila ramani fundi hawezi kuanza kazi. Ndivyo ilivyo hapa. Picha ni kitu kimoja, ramani yake ni kitu kingine, na kivinjari kinahitaji vyote viwili. Tunasema ramani ya Tanzania, ramani ya nyumba, ramani ya shamba. Tukisema ramani ya picha tunatembea katika njia ileile, bila kubuni neno hata moja.

Neno ramani lenyewe lina sifa nyingine inayolifanya listahili. Wanaisimu hulihusisha na rahnama la Kiajemi, lenye maana ya kionyesha njia. Mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi waliviita rahmani vitabu vyao vya safari, vilivyoeleza nyota, pepo, bandari na umbali. Rahmani ilikuwa maandishi ya kumfikisha msafiri, wala haikuhitaji kuwa mchoro. Ramani ya picha, ambayo ni orodha ya namba na anwani zinazomfikisha mtu kwenye ukurasa anaoutaka, iko karibu zaidi na maana hiyo ya zamani kuliko karatasi inayotundikwa ukutani darasani.

Nayo haiko peke yake. Majira, tunayotumia katika hisabati tukisema majira ya nukta, yalikuwa pia mwendo wa chombo baharini, na nahodha alitakiwa kuyashika. Kuvinjari, kulikotupa kivinjari, kulikuwa kuzunguka kwa chombo majini kwa ulinzi. Hata herufi a ya kuandikia kiungo katika HTML ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya nanga. Waliotunga lugha ya tovuti walichota baharini, na Waswahili, watu wa pwani, tulikuwa tayari na akiba ya maneno ya kuwajibu. Tukihitaji istilahi za tovuti, tutafute kwanza katika akiba hiyo.

Ramani ya picha imepitia hatua mbili, na kila hatua inahitaji jina lake. Katika miaka ya mwanzo ya tovuti, ramani ilikaa kwenye seva. Mtu alipobonyeza picha, kivinjari kilituma namba mbili tu, kwa mfano 300,327, nayo seva ikatafuta katika orodha yake na kujibu. HTML 2.0, iliyotolewa Novemba 1995, ilikuwa na utaratibu huo. Udhaifu wake ulikuwa mkubwa. Mbonyezo uliokosea ulikuwa safari nzima ya kwenda na kurudi mtandaoni, na kivinjari hakikujua lolote kuhusu maeneo, kwa hiyo hakikuweza kumwambia mtumiaji mlango uko wapi kabla hajabonyeza. Agosti 1996 James Seidman wa kampuni ya Spyglass alichapisha waraka wa RFC 1980 ulioeleza namna ya kuiandika ramani ndani ya ukurasa wenyewe, na HTML 3.2 ya Januari 1997 ikaukubali utaratibu huo. Tuseme basi ramani ya upande wa seva na ramani ya upande wa kivinjari. Ya pili ndiyo inayofaa leo, na ndiyo tunayoizungumzia katika makala hii.

Tuihamishe sasa kutoka kwenye kanga tuipeleke kwenye mitaa. Tuchukue picha inayoonyesha Mchafukoge na Kariakoo kutoka juu, tuitengenezee ramani kwa ajili ya tovuti ya wageni wanaokuja kufunga mzigo. Eneo hili ni zuri kwa mazoezi, maana maumbo yote matatu yanapatikana. Kariakoo ilipimwa na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kwa mitaa inayokatana kwa pembe mraba, kwa hiyo vitalu vyake ni mistatili. Mzunguko wa Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 mji ulipopata hadhi ya jiji, ni duara. Viwanja vya Mnazi Mmoja vitahitaji pembenyingi. Kuna tahadhari moja: mstatili wa HTML hauwezi kuinamishwa. Kitalu kikikaa mshazari kwenye picha, hata kama kona zake ni za mraba kabisa, kitaandikwa kama pembenyingi yenye kona nne.

Anayechora maeneo haya afahamu kwamba kugawa si kazi ya vipimo tu. Mchafukoge ilikuwa sehemu ya Uhindini, Kariakoo ikatengwa kuwa ya Waafrika, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa katikati ili kuzitenganisha. Mpaka uliochorwa na ofisa wa kikoloni ulipanga nani aishi wapi na ajenge nyumba ya namna gani. Ramani ya tovuti haina ukali huo, lakini nayo inaamua: mahali palipopewa eneo pana mlango, mahali palipoachwa hapana. Ukiziwekea maeneo benki na hoteli peke yake, na kuwaacha wauza kanga, wauza viungo na wabeba mizigo, umemwambia mgeni kwamba hao hawapo.

Mahali hubadilika pia. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, ukafuata ukarabati pamoja na ujenzi wa jengo jipya kando yake. Picha ya mwaka 2020 na ya leo hazifanani, na majira yaliyopimwa juu ya picha ya zamani hayafai kwa mpya. Katika ngazi ya nchi, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilifanywa mikoa mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ramani ya picha iliyomaliza mikoa yote mwaka 2010 inampeleka Mbeya mtu anayegusa Tunduma. Anayetengeneza kitu hiki aandike mahali tarehe ya picha yake, na apange lini ataipima upya.

Tatizo jingine ni ukubwa. Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba zaidi ya 70,000. Mjini Magharibi, Unguja, una takriban 230. Kwenye picha moja ya Tanzania, Tabora itagusika kwa kiganja kizima huku Mjini Magharibi ikijificha chini ya ukucha. Mkoa wa Dar es Salaam, uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, nao utakuwa kidoa tu ufukweni. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.2, uliotolewa Oktoba 2023, unataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24, isipokuwa katika hali maalumu. Kwa hiyo mikoa midogo ipewe picha yake ya pembeni iliyokuzwa, au iwekewe orodha ya maneno chini ya ramani.

Simu huongeza ugumu. Majira ya HTML ni ya kudumu: picha ikipunguzwa ili itoshe kwenye kioo cha simu, namba hazipungui pamoja nayo. Rudi kwenye kanga yetu. Ikionyeshwa kwa upana wa pikseli 300 badala ya 600, katikati ya jina huhamia 150,164. Nukta hiyo, kwa ramani ya zamani, imo ndani ya mji. Mteja atagusa jina, na ukurasa wa mji utafunguka. Atagusa pindo la chini, katika 150,200, na mji utafunguka tena. Yeye atadhani tovuti ni mbovu, kumbe ramani na picha hazipimani tena.

Kuna njia mbili za kuponya hilo. Ya kwanza ni kuongeza programu fupi inayozipigia hesabu upya namba zote kila picha inapobadilika ukubwa. Ya pili, ambayo ndiyo bora kwa kazi mpya, ni kutumia SVG, muundo wa michoro uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 2001, ambamo kila umbo huwa sehemu ya mchoro wenyewe na hubeba kiungo chake. Mchoro ukipungua, maumbo hupungua nao. Je, hapo istilahi yetu ibadilike? Hapana. Bado kuna maeneo yaliyopimwa, yenye viungo na majina, juu ya taswira moja. Teknolojia imehama, dhana imebaki, na istilahi nzuri hufuata dhana. SVG nayo haiondoi tatizo la udogo: jina la kanga lenye kimo cha pikseli 35 litabaki na 17 na nusu, chini ya kiwango cha 24. Orodha ya maneno chini ya picha inabaki kuwa ya lazima.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wengi huliruka, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote: jina la eneo. Maandishi mbadala huandikwa katika sifa ya alt. Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti, nayo husoma maandishi hayo eneo kwa eneo. Yasipokuwapo, atasikia anwani ndefu ya faili au hatasikia kitu. Dar es Salaam ina Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, iliyopo Ilala, inayofundisha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Mtoto wa shule hiyo anaweza kujifunza mikoa yote ya nchi yake kwa ramani ya picha iliyoandikwa vizuri, kwa kibodi na sikio peke yake. Ikiandikwa ovyo, picha hiyohiyo ni ukuta mbele yake.

Majina hayo yawe yale ambayo watu wanayatumia. Sehemu ya chini ya Soko la Kariakoo wenyewe wanaiita Shimoni. Eneo lake liandikwe Shimoni. Katika kanga andika pindo, mji, jina. Usiandike eneo la kwanza, eneo la pili, eneo la tatu, wala bonyeza hapa. Usinakili majina ya Kiingereza kutoka kwenye kiolezo ulichopakua ukayaacha yakisomwa na mashine kwa matamshi yasiyoeleweka. Na lugha ya ukurasa itajwe kuwa Kiswahili, kwa sifa ya lang yenye herufi sw, ili programu ya sauti iliyo na Kiswahili ijue kwamba inasoma Kiswahili.

Kwa muhtasari, istilahi zinazopendekezwa ni hizi. Ramani ya picha ni orodha nzima. Kwa wingi, ramani za picha. Eneo ni kila sehemu iliyopimwa. Majira ya nukta ni namba zake. Umbo ni mstatili, duara au pembenyingi. Kiungo ni anwani linakoelekea. Maandishi mbadala ni jina lake. Ramani ya upande wa seva na ramani ya upande wa kivinjari ni aina zake mbili. Urambazaji ni kule kwenda kutoka ukurasa hadi ukurasa ambako vyote hivi hukusaidia.

Ombi langu ni kwa walimu wa TEHAMA, kwa wanafunzi wa vyuo kama DIT, jirani wa Mchafukoge, kwa mafundi wanaotengenezea wafanyabiashara tovuti, na kwa BAKITA na TATAKI wanaosanifu na kukusanya istilahi. Tulitumie jina hili darasani na kazini, tulijaribu, na atakayepata bora alete hoja. Kwa yeyote atakayekaa leo kutengeneza ramani ya picha, neno ni moja: pima kwa makini, panga kwa utaratibu, na usiache eneo hata moja bila jina la Kiswahili.